ZIMWI LA SILIKONI LINA NENO NASI

Leo sitaanza na andiko. Leo nataka tugombane kidogo, kwa upendo.

Tangu niseme hapa kwamba napenda filamu za zamani za mazimwi, zile za bei rahisi, zenye ute unaotambaa na kaa wakubwa kama matatu, nimepigwa kutoka pande mbili. Upande mmoja wako wanaosema ni takataka. Mpira, rangi na kelele, mtu mzima aliyeokoka anatafuta nini pale? Upande wa pili wako ndugu zetu wa zile video za kufichua siri. Hawa husimamisha picha kila baada ya sekunde tano watuonyeshe pembetatu, jicho na namba, halafu wanatuambia filamu nzima ni ujumbe wa Illuminati. Wa kwanza wanasema hakuna kitu ndani. Wa pili wanasema kitu kipo lakini kimefichwa, na ufunguo wanao wao tu.

Nawapinga wote. Maana ipo, na haijafichwa popote. Imekaa mezani kama sahani ya ugali. Hatuioni kwa sababu tumekodolea zimwi macho wakati filamu inatuonyesha watu.

Nipeni nafasi nieleze kwa filamu moja ninayoijua vizuri: The Blob, ya mwaka 1958.

Ilitengenezwa katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kama dola 110,000, pesa ndogo kwa filamu hata wakati huo. Zimwi lenyewe ni donge la silikoni lililotiwa rangi nyekundu. Halina macho, halina meno, halisemi neno. Na ninyi mnaosema filamu hizi zote zilipikwa kuzimu, nisikilizeni hapa: mwongozaji wake, Irvin Yeaworth, alikuwa mtu wa kutengeneza filamu za Kikristo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mikono iliyozoea kupiga picha za injili ndiyo iliyotuletea donge linalokula watu. Sasa hapo mtamkemea nani?

Hadithi ni hii. Kimondo kinaanguka usiku karibu na mji mdogo. Mzee anayeishi peke yake anakichokora kwa kijiti, ute unapanda kijiti mpaka mkononi. Kijana Steve na msichana Jane wanamkuta barabarani akilia kwa uchungu, wanamkimbiza kwa daktari. Ute unammaliza mzee. Unamla nesi. Unamla daktari, na Steve anaona kupitia dirishani. (Huyo Steve ni Steve McQueen, aliyekuwa na miaka 27 akiigiza mtoto wa shule. Uso wake unasema tayari ana mkopo wa Sacco. Tusonge mbele.)

Steve anafanya lile tunalowafundisha watoto wetu kila Jumapili. Hanyamazi. Anaenda polisi kusema: daktari amekufa, nimeona kwa macho yangu. Na hapo ndipo filamu yenyewe inapoanza, wapendwa. Sajini Bert ameshaamua kwamba vijana wote ni waongo na wakorofi. Kijana mmoja aliwahi kumgonga mkewe kwa gari, na tangu siku hiyo kila kijana ana kesi mbele yake. Luteni Dave anataka kuamini, lakini wanapofika kwa daktari hawakuti maiti. Chumba kimevurugika, basi. Mwanamke anayetunza nyumba anasema daktari alikuwa na safari. Wazazi wanaitwa. Babake Jane, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule ya pale mjini, anafika uso umekunjwa kwa aibu ya binti yake kukutwa kituoni usiku. Vijana wanaambiwa waende nyumbani wakalale.

Na wakati watu wazima wanajadili adabu, lile donge linatambaa. Linakula fundi wa magari. Linaongezeka. Nguvu yake kubwa ni kwamba limepewa muda.

Angalia sasa jinsi ilivyotengenezwa. Filamu haifiki dakika 90, na zimwi unaliona kwa vipande vichache tu. Hata kifo cha daktari unakiona kwa mbali, nyuma ya dirisha. Kwa nini? Pesa. Silikoni ikiachwa mbele ya kamera kwa muda mrefu, kila mtu ataona ni silikoni. Basi dakika zilizobaki zikajazwa na kitu ambacho hakihitaji gharama: watu wakibishana kama waamini au wasiamini. Umaskini wa filamu ndio uliosukuma watu mbele. Wangekuwa na mamilioni ya dola, pengine tungepewa saa nzima ya donge likivunja magorofa, na Sajini Bert angepata sekunde kumi.

Najua wako wasomi wanaosema donge ni jekundu kwa sababu ya ukomunisti, kwamba Wamarekani wa 1958 walikuwa wanawaogopa Warusi, na kitu chekundu kinachomeza mji kimoja kimoja kingekuwa nini kingine? Sikatai kwamba hofu hiyo ilikuwepo. Lakini ukifika hapo ukatosheka, umefanya kama wale wa pembetatu: umepata neno la siri, umefunga daftari. Donge ni jekundu kwa sababu linakunywa watu. Mtoto wa Sunday School anaona hilo bila shahada. Kisichoelezwa na Moscow ni kwa nini filamu inayodaiwa kuhusu Warusi imekaa muda wote huo ndani ya kituo cha polisi, ikimtazama kijana anayesema kweli akifanywa mwongo.

Baadaye Steve na Jane wanalikuta donge katika supamaketi ya babake Steve. Wanajificha kwenye chumba cha baridi, na donge linarudi nyuma. Bado hawajaelewa kwa nini. Wanaamua kuamsha mji mzima kwa honi na king'ora, maana waliposema kwa adabu hakuna aliyesikia. Watu wanatoka wamekasirika. Kisha donge linapenya katika ukumbi wa sinema kupitia chumba cha mitambo, na watu wanamwagika barabarani wakipiga mayowe. (Ukumbi huo uko Phoenixville hadi leo, na kila Julai watu hukusanyika pale wakimbie nje kwa makusudi, wakicheka.) Sasa kila mtu anaamini. Wakati ambapo imani yao haiwezi tena kumsaidia daktari, wala nesi, wala yule mzee.

Karibu na mwisho inagunduliwa kwamba donge haliwezi baridi. Mitungi ya kuzimia moto, ile ya gesi baridi, iko shuleni, na shule imefungwa. Mwalimu mkuu hana ufunguo mkononi. Yule yule aliyekuja kituoni na uso umekunjwa anaokota jiwe na kuvunja kioo cha mlango wa shule yake mwenyewe, mbele ya wanafunzi wake. Nikifika pale huwa nasimamisha filamu. Sijaona toba iliyoigizwa vizuri hivyo katika filamu nyingi zetu za Kikristo, zile ambazo mtu analia dakika nne na kinanda kinalia naye.

Wengine mtasema, Pasta, hayo ni mambo ya wazungu, sisi yanatuhusu nini? Mmemsahau Nunda mla watu? Hadithi hiyo ni ya Kiswahili kabisa. Edward Steere aliikusanya Unguja, ikachapishwa mwaka 1870, miaka 88 kabla ya The Blob. Sultani Majinuni ana paka. Paka anaanza na kidogo, mifugo. Watu wanakuja kumwambia sultani. Jibu lake ni kwamba paka ni wake na mnyama aliyeliwa ni wake pia, sasa ninyi mnalilia nini? Paka anazidi. Wanarudi kumwambia. Jibu ni lile lile. Paka anafika kwa watu, na bado jibu ni lile lile. Mpaka siku anapokula wana wa sultani mwenyewe, ndipo mfalme anagundua kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Na anayekwenda kumwinda ni nani? Mtoto wa mwisho, ambaye baba hakutarajia lolote kutoka kwake. Anarudi mara na mnyama huyu, mara na yule, kila mara anaambiwa bado, siye, na kila mara anatoka tena mpaka anampata.

Bajeti ya hadithi hiyo ni sauti ya nyanya na moto wa jikoni. Hakuna mjukuu aliyelalamika kwamba manyoya ya Nunda hayakuonekana vizuri. Wakikuyu walikuwa na irimu wao, pwani walikuwa na zimwi wao, na hakuna aliyedhani mzee anapoteza muda. Walijua anawafundisha kumtambua jirani. Sasa mzungu akichukua mfuko wa silikoni akafanya kazi ya nyanya, sisi ndio tunasimama kusema ni upuzi?

Na wewe unayesema zimwi lolote kwenye kioo ni mlango wa mapepo, fungua Danieli sura ya saba. Wanyama wanne wanatoka baharini, wa kutisha, wenye mabawa na pembe, na sura hiyo hiyo inasema wazi kwamba wanyama hao ni wafalme. Danieli hakuambiwa afumbe macho. Alitazama mpaka akasumbuka rohoni, kisha akauliza maana yake. Fungua pia Ayubu 41, usome habari za Lewiathani. Kama zimwi ni dhambi kwa kuwa ni zimwi, itabidi ukate kurasa nyingi.

Nitoe mfano wa pili, mzito zaidi, kwa wale ambao bado wananicheka. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki. Meli ya wavuvi wa Kijapani iitwayo Daigo Fukuryū Maru, yenye watu 23, ilimwagiwa majivu ya sumu. Mtu wa redio wa meli hiyo alifariki Septemba mwaka huo huo. Novemba ikatoka Gojira, ambayo ninyi mnaiita Godzilla, na inaanza na nini? Meli inayoteketea kwa mwanga wa ghafla baharini. Mwongozaji Ishirō Honda alikuwa mwanajeshi, na aliporudi nyumbani baada ya vita alipita Hiroshima akaona kilichobaki. Haki isemwe: kwa Wajapani haikuwa filamu ya bei rahisi. Lakini zimwi lenyewe ni mwanamume ndani ya vazi zito la mpira akikanyaga vijumba vya mfano, na watu hucheka vazi hilo mpaka leo.

Wanaocheka waniambie jambo moja. Mwaka 1956 filamu hiyo ilipelekwa kwa Wamarekani, wakaingizwa picha mpya za mwigizaji wao, Raymond Burr, na mambo mengine yakakatwa. Kati ya yaliyokatwa ni mwanamke ndani ya treni anayelalamika juu ya samaki wenye sumu ya bomu, na kutaja kwamba yeye alinusurika Nagasaki. Zimwi likaachwa, mwanamke akaondolewa. Kama filamu hizi hazina neno ndani yake, mkasi ule ulikuwa unakata nini?

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, na mmoja wenu aliliandika vizuri: Pasta, pengine mwenye filamu hakukusudia chochote, wewe ndiye unayemwekea maneno kinywani. Sawa. Chukua Night of the Living Dead ya 1968, kwa kama dola 114,000. Wafu wanaamka, na redio na televisheni zinataja mnururisho wa chombo kilichorudi kutoka sayari ya Zuhura. Watu wamejifungia kwenye nyumba ya shamba. Anayewaongoza ni Ben, mtu mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Anapigana usiku kucha. Asubuhi wanakuja wanaume wenye bunduki kuwaokoa waliobaki, wanamwona dirishani, wanampiga risasi wakidhani ni mmoja wa wafu, na mwili wake unaburutwa kwa ndoana za nyama. Marekani, mwaka 1968, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa. Hata hivyo mwongozaji, George Romero, alisema mara nyingi kwamba nafasi ile haikuandikwa kwa mtu mweusi. Jones ndiye aliyefanya majaribio vizuri kuliko wote.

Kwa hiyo maana haipo? Mimi nahubiri. Nimesimama madhabahuni nikafundisha juu ya kutoa zaka, na mama mmoja akaja baadaye analia kwa sababu amesikia neno juu ya ndugu yake waliyekosana. Sikukusudia. Je, nimwambie arudishe machozi? Watengenezaji wale waliweka mtu mweusi ndani ya nyumba na wanaume wenye bunduki nje yake, katika nchi ile, mwaka ule. Watazamaji hawakuhitaji barua ya mwongozaji kuwaruhusu kuelewa.

Kwa ufupi tu, wapo pia kaa wa Roger Corman, Attack of the Crab Monsters ya 1957. Wakimla mtu, wanabaki na akili yake na sauti yake, na usiku wanawaita waliobaki kwa sauti za rafiki zao waliokufa. Kaa wenyewe ni wa kuchekesha. Ile sauti, hapana. Nani hapa hajawahi kuitwa na jambo baya kwa sauti ya mtu aliyempenda?

Sitawadanganya kwamba kila filamu ya zimwi ni hazina. Robot Monster ya 1953 ni mtu ndani ya nguo ya sokwe na kofia kama ya mzamiaji, na nimeitazama yote nikitafuta neno, nimetoka mikono mitupu. Nyingi ni hivyo. Mimi hupima kwa njia moja: zimwi likitoka kwenye picha, watu waliobaki wanafanya nini? Wakikaa tu kungojea lirudi, zima ukalale. Wakianza kubishana nani aaminiwe, nani atolewe nje, mlango ufungwe au ufunguliwe, keti vizuri.

Sasa mnaniuliza kwa nini nafanya kelele hivi juu ya filamu zenye zaidi ya miaka hamsini. Ni kwa sababu kuna binti anayekwenda kwa mama wa kanisa kusema mtu fulani mwenye heshima anamsumbua, na swali la kwanza analoulizwa ni alikuwa amevaa nini. Kuna kijana anayesema hesabu za pesa za ujenzi hazilingani, anajibiwa asiwaguse watiwa mafuta. Kuna mtoto anayekataa kulala nyumba fulani, na tunasema ana pepo la ukaidi. Paka ni wetu, ndama ni wetu. Halafu wazee wale wale waliowarudisha nyumbani wakalale wananipigia simu nikataze vijana kutazama The Blob, eti inawafundisha kutoheshimu wakubwa. Ndugu wazee, nawaheshimu, na nimekataa. Itazameni ninyi kwanza. Kaeni mtazame Sajini Bert kwa utulivu, kisha mniambie ni nani aliyekosewa heshima usiku ule.

Na ninyi wa pembetatu, hili ni lenu. Mtu anayekuambia maana imefichwa anakufanya umtegemee yeye akufungulie. Mnasimamisha picha kutafuta jicho kwenye ukuta, na mbele yenu kabisa kuna kijana anasema amemwona daktari akifa. Hamjamsikia. Mlikuwa mnahesabu pembe.

Kwa walioniuliza: The Blob watoto wakubwa kidogo wanaweza kuitazama pamoja na mzazi, na damu hakuna ya kutisha. Mwisho wake ndege inakwenda kulitupa donge kwenye barafu ya kaskazini, maana haliwezi kuuawa, na yale maneno ya kufunga filamu yanageuka kuwa alama ya kuuliza; waacheni watoto waulize. Gojira tafuteni ile ya Kijapani ya 1954 yenye maandishi chini, msikubali ya 1956. Night of the Living Dead si ya watoto, narudia, si ya watoto. Watu wazima mtaipata mtandaoni bure na kihalali, kwa sababu walipobadilisha jina lake waliacha kuweka alama ya hakimiliki. Vijana wameomba tuitazame The Blob pale ukumbini Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Nimekubali. Wazee, viti vya mbele ni vyenu.